Pazia la Dada

Dada yangu mkubwa huficha hata maharage. Nyumbani kwetu Carama, kabla hatujala, hufunga mlango na kushusha pazia ili majirani wasijue tunakula nini. Ukitafuna kitu uani atakugombeza.

Mama ana kidonda mguuni. Kwa miaka miwili amekifunika kwa kitenge, na mimi peke yangu ndiye niliyekuwa nakiosha. Hata kanisani alisema anachechemea kwa sababu ya uchovu.

Jumapili moja jirani aliingia akasema, "Pole Mama! Muguu umeoza hivi, na hautuambie?"

Mama aliniangalia mimi. "Mutoto wangu, uliambia watu?"

Nilitikisa kichwa. Jirani akatoa simu, akatuonyesha. Dada alikuwa amempiga mama picha amelala, kitenge kimesogea, usaha unaonekana, akaiweka kwenye stati ya simu yake ili kila mwenye namba yake aione. Chini aliandika, "Mumuombee Mama." Watu walikuwa wamejibu kwa mioyo midogo myekundu. Nilimkazia macho dada, aliyekuwa akiandaa chakula.

"We unakasirika nini?" dada aliniuliza. "Ni stati tu. Kesho inapotea yenyewe."

Jirani alipoondoka, dada akashusha pazia, kwa sababu chakula kilikuwa tayari. Mimi niliisukuma sahani yangu pembeni.

Tangu siku ile mama anakiosha kidonda mwenyewe, amejifungia chumbani. Mimi naacha beseni la maji mlangoni, nabisha, halafu naondoka.