Tulivyokwenda Kumtoa Lucia Ukutani

Nyie wa Tanga mnaoniuliza kama ni kweli nilikwenda Ulaya kutembea, jibu langu ni kwamba nilikwenda kuhudumia maiti. Msicheke. Tena maiti mwenyewe ni wa Kikristo, kafa kabla mimi sijazaliwa.

Hapa Johannesburg mchana nashona nguo katikati ya jiji, katika ghorofa kuukuu ambalo juu yangu kuna kanisa la Wakongo na chini yangu kuna muuza mablanketi. Lakini akifariki mwanamke wa kwetu, awe wa Tanga, Unguja au Dar, mie ndiye napigiwa simu nikamwoshe. Nimeifanya kazi hiyo miaka mingi, na nilikuwa na mdomo, nikijigamba kwamba maiti wa kunitisha mie hajafa bado. Mama mwenye nyumba wangu akinisikia nikijigamba. Hapo ndipo aliponinasa.

Mwenye nyumba wangu ni Bibi Asunta, Mwitaliano, mjane wa miaka themanini na kitu. Nimepanga chumba cha uani kwake, mtaa wa Troyeville. Waitaliano wenziwe walishahamia kaskazini ya jiji, kwenye kuta ndefu na mageti ya umeme, yeye kabaki na majirani Waafrika na mkaratusi wake. Mumewe alianguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi, akamwachia watoto watatu wa kiume, na bibi huyu akawalea kwa kuoka mikate. Wezi wamemvunjia mara mbili. Mara ya pili aliwakuta jikoni, akawauliza kama wamekula. Huyo ndiye Bibi Asunta.

Mwezi wa pili alipigiwa simu na Rosetta, binti wa marehemu dada yake, aliye bado kijijini kwao milimani, kusini ya Italia. Kule watu wengine hawazikwi ardhini, wanazikwa ukutani, kwenye vyumba vidogo vilivyopangwa kama droo za kabati. Sasa mlima umeanza kuporomoka na ukuta wa makaburi umepasuka, kwa hiyo wafu wote wanatolewa, mifupa inatiwa kwenye visanduku na kuhamishiwa makaburi mapya bondeni. Asiyekuwa na ndugu wa kumpokea, mifupa yake inamwagwa kwenye shimo moja na ya wengine.

Ukutani mle alikuwamo Lucia, kifungua mimba wa Bibi Asunta, aliyekufa kwa homa akiwa na miaka minne, kabla bibi na mumewe hawajahamia huku.

"Mama, ni mifupa tu," mwanawe mkubwa, Piero, alimwambia mbele yangu.

"Ya nani?" bibi akauliza. Piero akachukua funguo za gari lake.

Alipoondoka, bibi akanigeukia. "Wanangu wanaogopa mifupa. Wewe huogopi. Na mimi mikono inatetemeka, Mwanaidi. Nitamwangusha."

Jamani, ningesemaje? Nilimwendea ustadhi wetu nikamweleza. Akakuna ndevu, akasema kumsaidia mzee si kosa, ila nisije nikasali sala zao. Basi nikachukua shuka ya kitani ya harusi ya Bibi Asunta, nikashona mfuko mweupe wa kutilia mifupa, mshono wa mkono, maana mashine niliona haina adabu. Viza nisiisimulie, ilinitoa jasho.

Tuliondoka mwezi wa nne, wakati Johannesburg majani yanageuka manjano na asubuhi mtu unatafuta sweta. Piero alitupeleka uwanja wa ndege. Tuliposimama kwenye robot, ndivyo wanavyoziita huku taa za barabarani, akamwambia mama yake bila kumtazama, "Ukirudi tutazungumza habari ya ile nyumba ya wazee, Mama. Huwezi kukaa Troyeville peke yako." Bibi akafungua kioo, akatazama nje. Mie nikajifanya natafuta paspoti.

Roma tulifika asubuhi, na kutoka hapo tukapanda basi kwenda kusini. Tuliacha majani yakianguka, tukayakuta yakichipua! Miti imechanua maua meupe bila jani hata moja, mashamba mabichi, maua mekundu pembeni mwa barabara. Nikasema loo, kumbe ndiyo maana wanaisifu nchi yao. Lakini kila tulivyopanda mlima, watu walizidi kupungua ndani ya basi. Kituo cha mwisho tulishuka sisi wawili tu, ukungu umetuzunguka, na mwanamume mmoja anatungoja kando ya gari. Huyo alikuwa Donato, mchimba makaburi. Kijijini mle ndiye pia mwenye teksi.

Kijiji kiko juu ya jabali. Gari haliingii, mnatembea. Milango imefungwa kushoto na kulia, na mingine imeachwa wazi, ndani vitanda vimetandikwa na vumbi limelala juu yake. Bibi Asunta akawa anapita akiamkia kila mlango kwa jina la mwenyewe, na kuulizia hali za watoto.

"Nani anakaa humu?" nikamuuliza.

"Hakuna. Walihama, wengine wamekufa."

Akaamkia mlango mwingine. Safari hii akasimama, akatega sikio, kisha akacheka, akajibu jambo kwa Kitaliano na kuendelea na njia. Nami nikasikia kweli sauti, nyingi, za chini, kama watu wanaonong'ona nyuma ya ukuta. Nikasoma Ayatul Kursiy hapo hapo. Tulipopinda kona nikaona nyumba isiyo na paa, na jikoni mwake mti umeota, umejaa maua, na nyuki wamo mamia wanavuma. Nikajiambia, Mwanaidi, ni nyuki. Lakini nyuki hawachekeshi mtu.

Kwa Rosetta tulipokewa vizuri, supu ya dengu na mkate. Ni mama wa makamo, mnene, sauti juu. Akanipa chumba cha ghorofani. Nikafungua kabati nitundike buibui langu, na humo gizani nikakuta majani yameota! Meupe pee, marefu, membamba, yamejaa kwenye sahani, yamelala upande mmoja kama nywele za mzee. Nilipiga yowe nyumba nzima ikasikia.

Rosetta alikuja akacheka mpaka akakaa kitandani. Bibi ndiye aliyenifasiria: ni ngano. Wanaiotesha gizani ili iwe nyeupe, na Alhamisi kabla ya Pasaka wanaipeleka kanisani. Nikasema haya. Lakini asubuhi, walipokwenda kununua maziwa, roho iliniuma kuona kiumbe cha Mungu kimefungiwa, nikazitoa sahani zote nikaziweka dirishani zipate jua. Walikawia huko kwa maongezi. Waliporudi ngano imeshaanza ukijani. Nilimwona Rosetta akibana midomo. Niliona haya sana.

"Sasa haifai," akasema.

"Itafaa," Bibi Asunta akamwambia. "Tutampa Lucia."

Siku iliyofuata, Jumatano, tulikwenda makaburini. Ukungu ulikuwa umeondoka, jua zuri, ndege wanalia. Ukuta ule ni mrefu, na vyumba karibu vyote vilikuwa vimeshafunguliwa, vitundu vyeusi safu juu ya safu. Upepo ukipita ulitoa sauti ndani yake, ukiingia na kutoka, mithili ya mtu aliyelala. Kimoja tu upande wetu kilikuwa bado na jiwe. Donato akavua kofia, akagonga jiwe kwa patasi, likatoka. Akavuta kijeneza. Mbao zilikuwa zimeoza, lakini ndani yake kulikuwa na sanduku la bati lililochomewa, zima. Nikamwona Donato akisita.

"Nini?" nikamuuliza bibi.

"Anasema bati likiwa zima, huwezi kujua."

Akalikata. Nilikuwa nimeshaukunjua mfuko wangu, nasubiri mifupa. Donato akafunua, akapiga ishara ya msalaba, akarudi hatua.

Hakuwa mifupa. Alikuwa mtoto. Ngozi imekauka, imekuwa ya kahawia kama ganda la kitunguu, lakini uso ni uso, kope zipo, vidole vipo, soksi nyeupe miguuni. Na nywele zilikuwa mbichi, zimeshikana kwenye paji kana kwamba mtu ametoka kumwogesha sasa hivi.

"Bati hutoa jasho," Donato alisema, ila hakuwa akimwangalia yeyote.

Mie, Mwanaidi, mwenye mdomo, nilirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa mti. Maiti ninaowajua mie ni wa leo, wametoka mikononi mwa watu. Huyu alikuwa amengoja. Niliogopa, sifichi.

Bibi Asunta hakulia. Alisogea peke yake, akainama juu yake.

"Nilisahau," akasema, "nilisahau kwamba ni mdogo hivi."

Kisha Donato akaeleza, polepole, na bibi akanifasiria bila sauti yake kubadilika. Sheria yao ni kwamba maiti ambaye hajaisha hawezi kutiwa kwenye kisanduku. Atazikwa ardhini, kule makaburi mapya, akiwa ndani ya boksi jepesi la karatasi ngumu ili udongo umfikie, na baada ya miaka mitano kaburi litafunguliwa tena. Lazima awepo ndugu. Asipokuja mtu, anakwenda shimoni na wengine. Donato alipofika hapo akamtazama bibi, akaihesabu miaka yake kimoyomoyo, akaona aibu, akainamisha kichwa.

"Mwezi wa nne?" bibi akauliza.

"Wa nne, signora."

"Nitakuja." Halafu akanigeukia. "Mwanaidi. Mikono yangu."

Basi nikaenda. Sijui niliendaje. Nikasema bismillahi, nikalowesha kitambaa, nikamfuta uso na vidole, kidogo kidogo, maana ngozi ile haikuhitaji maji mengi. Alikuwa mwepesi kama nguo iliyokunjwa. Nilipomwinua, upepo ndani ya vile vitundu ukanyamaza, wote kwa pamoja, na nikahisi tunatazamwa kutoka kila tundu. Sikugeuka. Nilimwambia tu, "Tulia mwanangu, mama yako yupo," kwa Kiswahili, kwa sababu ndicho kilichonitoka.

Mfuko wa mifupa haukumtosha. Nikaketi juu ya jiwe, nikafumua mshono wote kwa wembe, kitani kikawa shuka tena. Nikamvika kama tunavyovika kwetu, nikafunga kichwani, kiunoni na miguuni. Bibi akauliza vifundo ni vya nini. Nikamwambia ni vya njiani tu, kaburini vinafunguliwa, asibaki amefungwa. Akaitika kwa kichwa.

Kule bondeni, kabla Donato hajaziba lile boksi, Bibi Asunta alipiga magoti kwenye udongo mbichi akafungua kifundo cha kichwani mwenyewe, kwa mikono ile inayotetemeka. Ilichukua muda. Hakuna aliyejitia kumsaidia. Juu ya kaburi tukaweka sahani za ngano yangu ya kijani, na Rosetta akanishika bega. Hapo ndipo nilipolia mie, nikalia kwa kwikwi, na yule mwenye mtoto akawa ndiye ananibembeleza.

Pasaka tuliila kwa Rosetta, na Jumanne yake tukashika njia ya kurudi. Tulipopita kwenye ile milango, bibi hakuamkia hata mmoja. Nikamuuliza mbona leo kanyamaza. Akasema alikuwa ameshawaaga.

Johannesburg tuliikuta na baridi yake, moshi wa makaa asubuhi, na Piero uwanjani. Jumapili iliyofuata akaja Troyeville na karatasi zenye picha za nyumba ya wazee, bustani, vitanda, manesi wanacheka. Bibi alikuwa anakanda unga. Akazitazama zote, akazisifu.

"Nzuri," akasema. "Lakini kesho nipeleke ubalozini kwetu. Paspoti yangu inaisha. Nataka mpya, ya miaka kumi."

"Ya miaka kumi, Mama? Ya kwenda wapi?"

"Kwa dada yako. Ana miadi na mimi."

Piero alinitazama mie, eti nimsaidie. Nikainua mikono. Kesho yake alimpeleka, na zile picha nikazikuta kwenye pipa la taka. Siku hizi bibi anatembea kila asubuhi mpaka mtaa wa pili, Bertrams, na kurudi, sukari kaacha, na daktari wake kijana anashangaa presha ilivyoshuka.

Mnaniuliza nimejifunza nini Ulaya. Nimejifunza kufunga mdomo, kwanza. Siku hizi nikiitwa kuosha maiti nakwenda kimya, na kabla sijamgusa namwambia jina lake. Na nimejua kwamba mama hahesabu miaka kama sisi tunavyoihesabu. Lakini kuna jambo lilinikaa kooni, sikulala vizuri kwa ajili yake, mpaka juzi tukiwa jikoni nikalitoa.

"Bibi," nikamwambia, "hiyo miaka mitano ikifika, wakafungua, tukamkuta vilevile je?"

Hakuacha kukanda. Uso wake ukang'aa, ukawa wa mwanamke kijana, nikaogopa kuliko nilivyoogopa kule ukutani.

"Basi nitakuwa nimemwona tena," akasema.