Siku Niliyodaka Fainali Bila Kuambiwa

Siku ya fainali, watu wetu wote waliokuwa uwanjani Bredäng, huku ughaibuni tunakoishi, walijua kwamba mama yangu amefariki alfajiri, isipokuwa mimi niliyesimama golini. Ninalisema hili mwanzoni kabisa kwa sababu sitaki kumfanyia msomaji walivyonifanyia mimi.

Mashindano yenyewe ni ya kila kiangazi, ya timu zetu sisi watu wa ng'ambo. Wakenya wana yao, Watanzania wana yao, Warundi, Waganda, na sisi Wakongo wa mashariki, ambao kwa ubishi wetu mwaka mmoja tuligawanyika timu mbili kisha tukapatana. Wachezaji ni wauguzi, madereva wa basi, mafundi bomba, watu wenye vitambi na magoti mabovu, na kila mmoja siku hiyo anajiona ameitwa timu ya taifa. Mimi nilikuwa golikipa. Kipaji sina, nina urefu tu, na hakuna mwingine aliyekubali kujitupa kwenye zile nyasi za plastiki zinazochubua ngozi.

Mama alikuwa anaumwa figo kule Uvira, na sikuwa nimemwona tangu nilipovuka mpaka nikiwa kijana. Mpira hakuuelewa hata kidogo, Mungu wangu, habari ya kuotea tulimweleza mpaka tukachoka. Lakini kila fainali aliniombea, na mara zote mbili tulifungwa. Wiki ile aliniambia kwa sauti iliyokwisha nguvu: "Mwaka huu mkishinda, usingoje ufike nyumbani. Nipigie palepale uwanjani, nisikie kelele za watu wako." Nikamwahidi. Sikulitaka kombe lile kwa sababu nyingine yoyote.

Sasa, kwetu habari ya msiba hapigiwi mfiwa. Hupigiwa mtu wake wa karibu, naye hutafuta watu. Watakukalisha, watakupa maji, watahakikisha huachwi peke yako, ndipo atatokea mmoja aseme. Asubuhi ile baba yangu mdogo alimpigia mzee wa timu yetu, yule tunayemwita Papa. Papa akamwambia mke wangu, akamwambia na nahodha, na nahodha wetu hajawahi kufunga mdomo wake tangu azaliwe. Wakakubaliana nisiambiwe mpaka mechi iishe, nirudishwe nyumbani Vårby gård, nile kwanza, halafu nikalishwe. Ilikuwa huruma, wanasema. Tusidanganyane: golikipa mwingine hakuwapo. Hadi leo sijui kilichotangulia vichwani mwao ni huruma au kombe, na hilo linaniuma kweli.

Mke wangu aliichukua simu yangu tangu nyumbani. Alisema yake imekwisha chaji na anataka kunipiga picha. Kwenye treni akanishika mkono, mwanamke ambaye hata siku ya harusi aliona haya kunishika mbele za watu. Nikamtania, "Haya, sema, leo unataka ununuliwe nini?" Akageukia dirishani.

Uwanjani mambo yakazidi. Beki wetu wa kati ana ulimi mchafu, kwa miaka yote alinitukana kila mpira uliponipita. Siku hiyo aliinama akanifungia kamba za viatu. "Acha nikusaidie, kaka." Kabla ya mechi Papa aliomba sala ndefu mpaka refa akaanza kutazama saa, na katikati ya sala akasema Bwana amshike ndugu yetu. Nikafumbua jicho nikacheka: ndugu gani huyo mmoja, na sisi wengine tushikwe na nani? Hakuna aliyecheka. Nikadhani wanawaogopa Watanzania.

Mechi ikaisha bila bila. Kipindi cha pili niliuachia mpira mwepesi, mpira wa kudakwa na mtoto, ukagonga mwamba ukanirudia mikononi. Nikamgeukia beki nikingoja matusi yangu. Alikuwa anafuta macho kwa jezi. Nikamwambia ajikaze kiume, zimebaki dakika chache. Hebu fikiria, mimi ndiye niliyekuwa namfariji yeye!

Tukaenda penalti, na ile ya mwisho ya Watanzania nikaipangua kwa ncha za vidole. Walinirukia wote nikawa chini ya rundo la watu, na huko juu yangu wenzangu wakawa wanalia kwa kwikwi. Nikasema moyoni, kumbe jamaa hawa walikuwa na kiu ya kombe kiasi hiki! Nilikuwa na furaha, siwezi kukana. Furaha ile naionea uchungu mpaka leo.

Nikamwita mke wangu anipe simu. Akasema imo mkobani, na mkoba umo ndani ya gari la Papa. Papa akasema twende tukale kwanza. Nikasema kula nini, mama anangoja! Golikipa wa Watanzania alikuwa amekuja kunipa mkono. Yeye hakuwa ameambiwa kitu. "Hongera bwana, umetukomesha." Nikamwomba aniazime simu. "Chukua, piga tu, dakika ninazo." Namba ya mama ndiyo pekee ninayoijua kwa kichwa. Papa alinyoosha mkono kunizuia, kisha akaurudisha.

Simu ikapokelewa. "Mama!" nikapaza sauti. "Tumechukua! Sikiliza!" Nikaiinua simu juu ili asikie kelele. Kelele hazikuwapo. Wote walikuwa wamenyamaza wananitazama.

Aliyepokea ni mdogo wangu wa kike, yule aliyemuuguza mama peke yake wakati sisi wakubwa tumetawanyika duniani. "Kaka," akasema. Nikamwambia ampe mama simu. Nyuma yake nilisikia wanawake wakiimba, nikadhani akina mama wa kanisa wamekuja kumwombea mgonjwa.

"Kwani hawajakuambia?" akauliza.

"Kuniambia nini?"

Nikamsikia akivuta pumzi. Watu wazima wote wale walionizunguka walikuwa wameikwepa kazi hiyo tangu asubuhi, na sasa ikamwangukia yeye aliyemfumba mama macho, mwenye kilio chake mwenyewe. Na bado hakunitupia habari ile hivihivi. Aliifanya inavyotakiwa kufanywa, kutoka mbali kote huko.

"Kaka, kaa chini kwanza."

Nikakaa palepale kwenye zile nyasi za plastiki.

"Uko na watu?"

Nikainua macho. Papa alikuwa amevua kofia. Beki alikuwa amepiga magoti, na mke wangu alikuwa anakuja mbio huku khanga yake ikiburuzika.

"Niko nao," nikamjibu. Ndipo akaniambia.