Nyumba ya Mapaa Mawili Kando ya Nyakomisaro

Sikuondoka Nyansiongo kwa kupenda safari. Mtu wa umri wangu, mwenye ng'ombe wawili wanaomdharau na kiti kimoja kinachoufaa mgongo wake, haondoki nyumbani bila kusukumwa. Mwaka ule, mwanzoni mwa miaka ya sabini, nilisukumwa na mambo mawili kwa pamoja. La kwanza, mimi na mke wangu tulipata kazi mjini Kisii: yeye kufundisha shule ya msingi, mimi kusimamia madarasa ya watu wazima katika ofisi ambayo ilikuwa bado haijaletewa viti. La pili, mama yake, mjane wa Nyamarambe, alikuwa amelazwa hospitalini Kisii kwa kifua kikuu. Daktari alisema amepata nafuu ya kutosha kumwachia mwingine kitanda, lakini sindano zilikuwa bado nyingi, na kila siku lazima afike kuchomwa. Akizikatiza, ugonjwa ungerudi, na safari hiyo usingebisha hodi. Kutoka Nyamarambe hadi hospitalini ni mwendo ambao hata mwenye mapafu mazima huulalamikia. Basi ilitakiwa nyumba mjini, ya kutuchukua sote, kabla ya Jumatatu atakayotolewa wodini.

"Hilo ni jambo jepesi," nilimwambia mke wangu. Nimesoma chuo kikuu, na elimu yangu imenifanya mwepesi wa kusema kwamba mambo ni mepesi.

"Jepesi," alisema mke wangu, Mama Nyaboke. "Na wewe utalala wapi?"

Wasomaji wa kwetu watanivumilia nikiwaeleza wale wa mbali. Kwetu Gusii, mwanamume hawezi kulala chini ya paa moja na mama mkwe wake. Si kwamba wamegombana. Ni ile haya ya heshima tunayoiita chinsoni, na aliyeivunja hasemwi kuwa mkosaji tu, husemwa kuwa hana watu. Shambani haisumbui mtu, kwa sababu kila mmoja ana nyumba yake na kati yao kuna majani ya kutosha kumlisha ndama. Mjini majani hayo hayapo.

Nilipendekeza nikalale kwa rafiki. Mama Nyaboke alitikisa kichwa. "Mama hawezi kukaa katika nyumba iliyomfukuza mkwe wake. Atasema amekuja kunivunjia ndoa. Atarudi Nyamarambe kwa miguu."

Nilimjua yule mama. Angerudi.

Alhamisi alfajiri nilipanda lori la maziwa, mke wangu akiwa ametangulia Kisii kumuuguza mama yake. Dereva alinikubalia kwa sharti kwamba nishikilie madebe yasigongane. Kwa hiyo nilisafiri kupitia Keroka nikiwa nimekumbatia maziwa ya watu, suruali yangu ya ofisini ikinuka kama ndama. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Kila tulipopanda mlima lori liliteleza nyuma kidogo, likafikiri, kisha likaendelea. Mashamba ya mahindi waliyoacha walowezi yalikwisha, yakaja ya chai, kisha migomba, na nilipoteremka Kisii mikono yangu ilikuwa imekakamaa kwa umbo la kukumbatia.

Adhuhuri, mjini, dalali mmoja mnene aliyevaa tai fupi alinipeleka kuona jengo jipya la ghorofa, lililokuwa fahari ya mtaa ule. Aligonga ukuta ili niusikie ulivyo mgumu.

"Maji ndani, mwalimu. Choo ndani. Wewe na familia mtakaa juu, mama mgonjwa akae chini. Milango mbalimbali, hata hamtaonana."

"Nitembee juu ya kichwa cha mama mkwe wangu?"

Alitazama dari kwa muda, nadhani akiiona miguu yangu ikipita. Naye alikuwa Mgusii.

"Ukivua viatu..." alianza, kisha sauti ikamwishia. "Hapana. Hapana, bwana. Hata mimi nisingeweza."

Tulishuka ngazi kama watu waliotoka kutazama kitu kisichofaa.

Ijumaa asubuhi nilitembea hadi Kiogoro, ambako watu wengi wa ofisi hupanga na kuingia mjini kila siku. Huko mzee mmoja wa kanisa la Kisabato alikuwa na nyumba nzuri ya matofali, vyumba vinne, milango miwili iliyotazamana na pande mbili za dunia. Paa, hata hivyo, lilikuwa moja. Nilikuwa nimechoka, na mtu akichoka elimu humpanda kichwani. Nilimweleza mzee kwamba ukuta wa katikati ulikuwa mnene, kwamba zamani nyumba zilikuwa ndogo na ndiyo maana desturi ikatazama paa, na kwamba kiini cha jambo ni faragha. Nilisema vizuri sana. Ningejipa alama za juu.

Mzee alisubiri nimalize. "Huyo mama ni wa wapi?"

"Nyamarambe."

"Ana ndugu wa kiume huko?"

"Anao."

"Basi nenda uwaambie hayo maneno yako kwanza. Wakikubali, uje nikupe funguo." Alifunga mlango mmoja, akazunguka kufunga wa pili. "Mimi nataka kukaa na watu hapa, mwalimu. Wataniuliza ni nyumba gani hii nimejenga. Na sasa niache nijiandae, jioni Sabato inaingia."

Jioni hiyo nilifika hospitalini saa ya kuona wagonjwa. Nilisimama karibu na mlango wa wodi, uso nimeuelekeza dirishani kama chinsoni inavyotaka, na maneno yakapita kwa mke wangu kama maji yanayopitishwa kwenye kitambaa.

"Mwambie asijitese," alisema mama mkwe wangu, kisha akakohoa. "Nina nyumba yangu Nyamarambe. Nayo ina paa."

Muuguzi aliyekuwa akitandika kitanda cha jirani aligeuka. "Mama, ukienda Nyamarambe hizi sindano nimchome nani? Nijichome mwenyewe?"

Mgonjwa alicheka hadi kikohozi kikamkamata tena. Kilimshika muda mrefu. Mke wangu alimshika mabega, nami niliendelea kutazama dirisha, nikisikia. Kilipotulia, hakuna aliyetaja Nyamarambe. Lakini nguo zake, niliona nilipotoka, zilikuwa zimeshafungwa kwenye leso, tayari.

Yule muuguzi alinifuata nje. "Umejaribu kwa Wanubi, kule mtoni? Nyumba zao ni za zamani. Labda zinaelewa mambo ya zamani."

Jumamosi niliteremka huko. Chini ya mji, pale mto Nyakomisaro unapopita kwa kelele nyingi kuliko maji yake, upo mtaa uliokuwepo kabla mji haujajua kwamba ni mji. Askari wa Kinubi wa Keya, jeshi la Waingereza, waliostaafu ndio walioanza kujenga pale, wakaoa, wakazaa, wakazeeka. Nyumba ni za udongo uliopakwa chokaa, zenye baraza pana, na mabati yake yamegeuka rangi ya tumbaku. Mipera imeinamia mto. Kila kitu kimekaa kama mtu aliyemaliza kazi zamani na hana haraka ya kuondoka. Nilipenda mahali pale mara moja, labda kwa sababu miguu yangu ilikuwa katika hali ileile.

Bi Halima, mjane wa askari mmojawapo, alikuwa na nyumba mbili katika kiwanja kimoja: ya mbele yenye vyumba viwili, na ya nyuma yenye chumba kimoja na jiko. Kati yao palikuwa na ujia wa kupita mtu na ndoo. Moyo wangu ulinyanyuka. Kisha nikanyanyua macho. Juu ya ujia ule palikuwa na bati moja refu, limepigiliwa misumari huku na huku, likiyashika mapaa yale mawili.

"Hizi ni nyumba mbili?" niliuliza.

"Mbili. Huzioni?"

"Na lile bati?"

"Lile ni bati."

"Limeunganisha mapaa."

"Limezuia mvua, mwanangu. Mume wangu alichukia kulowa akienda jikoni."

Nilimweleza yote: sindano, Jumatatu, ghorofa, mzee wa Kiogoro. Alinisikiliza ameshika kidevu.

"Nimepangisha watu wa kila kabila," alisema mwishowe. "Wote walikuja kunilalamikia paa linavuja. Wewe ndiye wa kwanza kulalamika kwamba halivuji."

Nakiri nilifikiri kunyamaza. Bati moja tu, tena la kahawia, jioni lisingeonekana. Nilimtajia Mama Nyaboke wazo hilo alipokuja kuiona nyumba, naye akanitazama kwa huruma anayowawekea wanafunzi wa mwisho darasani.

"Mama akiingia hapa, atatazama juu kabla hajatazama kiti."

Nilirudi kwa Bi Halima kumwomba lile bati liondolewe. Alitoka hadi ujiani, akaliinulia macho. "Marehemu alilipigilia kwa mkono wake," alisema. "Mimi siling'oi, wala simwiti fundi aling'oe kama uchafu. Ikiwa ni heshima ya mama yenu, panda wewe."

Jumapili nilipanda. Ngazi ilikuwa ya kuazima na ilikuwa na maoni yake. Nilikuwa nimevaa suruali ileile ya maziwa, mkononi nyundo yenye kucha, na chini yangu mtaa mzima ulitoka barazani.

"Huyu anatengeneza nini?" aliuliza mzee mmoja mwenye kofia.

"Anabomoa," alijibu jirani yake.

"Ana kesi na Bi Halima?"

"Hana. Ni mambo ya mkwe."

"Aa." Mzee alitikisa kichwa, akavuta kiti karibu. "Mungu angenipa na mimi mkwe wa kuning'olea mabati."

"Mwalimu!" bibi mmoja alinipigia kelele. "Msumari huvutwa! Haubembelezwi!"

Niliuvuta, nami nikavutika nao, nikaishia nimelala kifudifudi juu ya paa kama mjusi anayeota jua. Kicheko chao kilifika mtoni. Misumari ilikuwa ya zamani, mirefu, iliyopigwa na mtu aliyekusudia ikae. Kufikia mchana viganja vyangu vilikuwa vimechubuka, na elimu yangu yote ilikuwa imeshuka magotini. Msumari wa mwisho ulipotoka, wanaume wawili walipokea bati chini, na mbingu ikaonekana kati ya nyumba mbili.

Bi Halima alilifuta bati kwa upande wa kanga yake, kote, taratibu, kisha akaliingiza chini ya kitanda chake. "Alikuwa mrefu," aliniambia. "Hakuhitaji ngazi."

Jumatatu alasiri mvua ya Kisii, ambayo haikosi miadi, ilikuja pamoja na mgonjwa. Nilisimama pembeni mwa uwanja nikiitazama migomba, maji yakinitiririka shingoni. Nilisikia hatua zao zikipita barazani, zikatoka nyuma ya nyumba ya mbele, zikafika penye ujia. Hapo zikasimama.

Hazikuendelea. Mvua ilikuwa ikipiga katikati ya mapaa, ikichimba mfereji wake mpya kwenye udongo uliokuwa haujalowa kwa miaka mingi. Mwanamke mwenye kifua kama kile amesimama kwenye mvua kwa sababu yangu! Nilihesabu makosa yangu yote tangu siku ya harusi. Sikuthubutu kugeuka. Nilijua anatazama juu, na nilijua kwamba zile nguo zake bado zimo kwenye leso, hazijafunguliwa.

Kisha sauti yake ikaja, kali, ya kuelekezwa kwa binti yake lakini iliyopimwa ifike kwenye migomba.

"Muulize bwana wako kama amemaliza kuzirarua nyumba za watu. Ikiwa amemaliza, nionyesheni kitanda. Kesho nina sindano."

Tulikaa mtoni muhula ule wote. Kila asubuhi mke wangu alimpitisha mama yake hospitalini kabla ya shule, na kila jioni mimi na mgonjwa tulisalimiana kupitia ukuta, tukiuliza habari za ng'ombe. Tulilowa sote. Chakula kilivuka ujia kikiwa kimefunikwa kwa jani la mgomba na kilifika na maji kidogo. Nilipata mafua ambayo hayakuniacha. Kikohozi cha nyumba ya nyuma kilipungua wiki baada ya wiki, hadi siku moja Bi Halima akaniuliza kama mgonjwa yumo, maana hamsikii.

Shule zilipofungwa, na sindano zilipokwisha, tulimrudisha Nyamarambe. Gari lilituacha barabarani, na nyumba yake ipo juu kabisa ya mlima. Njiani nilijaribu kukusanya nilichojifunza, kama inavyompasa mtu aliyesafiri. Nilikuwa nimedhani natafuta mahali pa kumsitiri mama mgonjwa na mvua. Kumbe mvua angeivumilia. Kupoteza heshima yake ndiko kusikovumilika kwake, na asingekaa kutibiwa mahali asipokuwa mtu kamili. Hilo ningelifahamu bila kupanda ngazi, lakini mimi huelewa polepole, na zaidi nikiwa nimeumia.

Yeye alitangulia kupanda, leso mkononi, bila kusimama mahali popote. Mke wangu alimfuata. Mimi nilibaki nyuma kwa umbali wa adabu, kisha kwa umbali wa udhaifu, nikikohoa na kushika magoti. Kutoka juu, karibu na mlango wake, nilimsikia akimwambia binti yake, kwa pumzi tele isiyokatika:

"Mwambie akae hapo chini kidogo. Huyo sasa ni mgonjwa."