Ndege wa Masenge

“Unamtoa mtoto shule kwa sababu ya ndege?”

“Si mimi namtoa. Alijitoa mwenyewe, siku ile alitupa kandambili.”

Aliyeuliza ni Mama. Aliyejibu ni Masenge, ndivyo tunavyomwita shangazi hapa Kigali, dada mkubwa wa Baba na mwenye nyumba tuliyofikia. Walisimama uani, mmoja upande huu na mwingine upande ule wa kamba ya nguo, na mimi katikati nimeshika soksi zangu za shule zinazochuruzika maji. Nilikuwa mtoto wa miaka kumi na moja. Hakuna aliyeniuliza kitu.

Tulikuwa tumehamia kutoka Karagwe, Tanzania, baada ya Baba kupata kazi kwenye ghala huko Masoro. Masenge alitupa vyumba viwili nyuma ya nyumba yake, mtaa wa Remera. Kila kitu nilijifunza upya. Nilikatazwa kula andazi huku natembea barabarani, maana hapa ni aibu. Shuleni walifundisha kwa Kiingereza, na mimi nilikuwa nimesoma kwa Kiswahili, basi wakanirudisha darasa moja nyuma, nikakaa na watoto wanaonifikia begani. Wiki za kwanza nililia. Kisha nikaanza kuelewa. Nilikuwa nimeanza kunyoosha mkono darasani.

Kuhusu ndege, hakuna aliyeniambia mapema. Alikuwa mdogo, mweusi na mweupe, anatingisha mkia kila anaposimama. Wanyarwanda wanamwita inyamanza. Huyu wa kwetu alikuwa na mguu wa kushoto uliopinda, akitembea kama anayekanyaga majivu ya moto. Kila asubuhi alishuka uani. Wazee wa hapa wanasema inyamanza alikuwepo kabla ya watu, ndiye mwenyeji wa kila kiwanja. Ua anaoufikia una baraka, na anayemfukuza amefukuza baraka yenyewe. Masenge alisema alimwona mara ya kwanza siku aliyofungua mgahawa wake Gisimenti, hapohapo Remera.

Mimi Karagwe kazi yangu ilikuwa kufukuza ndege. Mtama ukianikwa, maharage yakianikwa, ninaitwa mimi. Kwa hiyo asubuhi moja Mama alipoanika dagaa, na ndege akatua pembeni ya ungo, nilivua kandambili nikarusha. Haikumgusa hata unyoya. Aliruka juu ya ukuta akaenda, na kesho yake hakuja.

Mwezi huohuo mchoma nyama wa Masenge aliacha kazi akahamia mgahawa wa jirani, na wateja wakamfuata. Kila mtu Gisimenti alijua ni kwa sababu Masenge alimtukana mbele za watu. Masenge peke yake hakujua. Yeye alijua kandambili.

“Wifi, kwetu hiyo ndiyo kazi ya watoto,” Mama alimwambia siku ile ya soksi. “Amekosa nini?”

“Kwenu ni kwenu. Hapa hata kuku ya jirani inajua kupisha ile ndege.”

“Basi muombe kuku wa jirani akuoshee vyombo.”

Nilitaka kucheka. Masenge hakucheka.

“Yeye alifukuza bahati yangu, yeye atashika nafasi ya hiyo bahati kule mgahawani. Ile ndege ikirudi, na yeye atarudi shule.”

“Na asiporudi?”

“Omba irudi.”

Hatukuwa na nyumba nyingine. Mama alichukua soksi mkononi mwangu akazianika, akazinyoosha vizuri, akazibana kwa vibanio, kama vile nitazivaa kesho. Mpaka leo nikikumbuka vile vibanio nakasirika. Baba, aliyekuwa akilala hukohuko ghalani, aliporudi mwisho wa wiki alisema ni mambo ya muda tu, akaomba chai.

Nikaenda Gisimenti kumenya ndizi, kuosha sahani na kutunga nyama ya mbuzi kwenye vijiti vya borosheti, mishikaki ya huku. Wenzangu wa darasani walipita na sare. Mmoja aliniuliza, “Unaumwa?” Nikasema ndiyo.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba niliamini. Kila asubuhi kabla ya kutoka nilimwaga makombo ya ugali juu ya ukuta na kumwomba yule ndege msamaha. Kwanza kwa Kiswahili. Baadaye nikaogopa kwamba hanielewi, nikajifunza kusema *mbabarira*. Hilo ndilo neno la kwanza la Kinyarwanda nililolijua vizuri: nisamehe.

Sasa mimi ni msichana mkubwa, bado nipo Gisimenti, na sina ugomvi na imani ile. Naiona nzuri, kwamba ndege mdogo ni mwenyeji na sisi wote tumemkuta. Wazee waliosema hivyo nadhani walitaka watu wawe wapole na wageni. Masenge aliichukua akaifanya kufuli. Na najua alikuwa hamngojei yule ndege kama nilivyomngojea mimi, kwa sababu ndege alirudi.

Alirudi mvua zilipokwisha. Nilikuwa namwaga makombo, akatua ukutani mbele yangu, akashuka uani, anatingisha mkia, mguu wa kushoto umepinda vilevile. Nilikimbia ndani nikatoa sare chini ya godoro. Ilikuwa imenibana mabegani, lakini nilifunga vifungo vyote, nikamwita Masenge.

Akaja mpaka mlango wa jiko, taulo la mikono begani. Mama aliacha kuosha sufuria. Ndege alitembea kuelekea kwetu, akikanyaga majivu yake ya moto. Masenge alimtazama mguu. Niliona macho yake yakishuka mpaka kwenye ule mguu na kukaa pale. Kisha akayainua, akanitazama mimi na sare yangu.

“Hiyo iko ndege ingine,” alisema. “Vua hizo nguo, ndizi zinangoja.”