Nakala Mbili za Picha za Mama Mkwe

Wauza samaki wa Msimbati wakiniona hupandisha bei mapema, maana wananijua kwa kupatana. Juzi kompyuta ya nyumbani iligoma kuwaka, na ndimo zilimo picha zote za marehemu mama mkwe wangu. Mimi na mke wangu tukaipeleka kwa fundi, Ufukoni. Akasema kuokoa picha ni kazi ghali. Kufuta kila kitu ni rahisi.

"Futa, na bado punguza," nikamwambia. "Mimi kila kitu nafanya mara mbili. Nakala ninazo mbili."

"Ziko wapi, kaka, nizirudishe?"

"Si humo humo? Kila moja na folda yake."

Fundi akaondoa kidole kwenye kitufe, taratibu. Mke wangu akanishika bega.

"Baba Zuhura, nyamaza. Fundi, taja bei yako."