Yowe Ndani ya Mapafu

Kazi yangu ni kuosha chupa katika maabara moja hapa Moshi. Naosha, nasuuza, napanga kwenye tanuri zikauke, na kwa kuwa vyumba vile vimetulia, nasikia mengi ambayo darasa la saba halikunifundisha. Neno kemokini nililisikia miaka miwili kabla ya kuuliza maana yake. Nilidhani ni jina la mashine.

Nikaja kuuliza kwa sababu ya mama mkwe wangu. Mke wangu alifariki miaka ile ya barakoa, kirusi kikiwa kimemwingia mapafuni. Tangu mazishi, mama yake kule Old Moshi alikuwa na maneno yaleyale: "Mwanangu alikuwa dhaifu. Alichoka mno." Hakusema nani alimchosha. Mimi ndiye niliyekuwa nimekaa mbele yake. Nami nilikuwa na langu: mke wangu alipougua, nilimpigisha nyungu siku tatu nzima nyumbani kwetu Njoro, hapa mjini, blanketi kichwani, sufuria ya majani ikichemka chini, ndipo nikampeleka hospitali. Watu walidhani tulikwenda siku ileile, nami niliwaacha wadhani hivyo.

Basi asubuhi moja nikamkuta mtaalamu wetu, binti wa umri wa mwanangu wa kwanza, anakunywa chai.

"Mwanangu, hizo kemokini zinahusiana na mtu kufa kwa mapafu?"

"Baba, leo umeamua kurudi shule?"

"Nimeziosha chupa zake kiasi cha kutosha. Nataka kujua kilichokuwamo."

Akacheka, akasogeza kiti. Akasema kirusi kikiingia kwenye chembe ya mwili, ile chembe hutoa protini ndogondogo, ndizo kemokini. Zinasambaa kama harufu ya nyama inayochomwa. Askari wa mwili, yaani chembe nyeupe, wanapita zao ndani ya damu, hawajui nyumba ipi imevamiwa. Wakikutana na ile harufu wanashika ukuta wa mshipa, wanajipenyeza nje, wanafuata inakozidi mpaka wamfikie adui.

"Ni yowe," nikasema.

Nikamsimulia. Kule kwetu mlimani yowe halipigwi ovyo. Ni la moto, la mwizi, la mtu aliyetumbukia. Ukilisikia unaacha ulichoshika unakimbia. Mke wangu, akiwa na miezi miwili tu tangu aolewe katika kihamba chetu, shamba la ukoo, alimwona nguchiro anakokota kifaranga mchana kweupe, akapiga yowe la mwizi. Walikuja watu wa vitongoji vitatu. Walikanyaga maharage, walilaza magimbi, mmoja alikata mgomba wa ndizi mshale akidhani adui yuko nyuma yake. Nguchiro aliondoka bila mkwaruzo. Na kwa kuwa waliokuja kwenye yowe hawaondoki koo kavu, pombe yote ya mbege ya kipaimara cha mdogo wangu iliisha jioni ile. Mke wangu alijifungia ndani akicheka hadi akalia.

Binti alicheka pia. "Ndivyo inavyokuwa, baba. Mara nyingi wanakuja, wanammaliza adui, yowe linakoma. Kwa wengine halikomi. Askari wanajaa kwenye mapafu, wanaharibu hata palipo pazima, maji yanavuja, hewa inakosa pa kukaa."

"Kwa hiyo mke wangu hakufa kwa sababu ya udhaifu?"

"Sikuwahi kumpima, siwezi kuapa. Ila wanaofariki hivyo, mara nyingi mwili umepigana kupita kiasi."

Nilijisikia mwepesi. Ningeishia hapo ningekuwa na jibu zuri la kupeleka mlimani. Lakini nikamwambia na zile siku tatu.

Alizungusha kikombe. "Angewahi, angepewa oksijeni, na dawa ya kuwatuliza askari muda ukifika. Huenda angepona, huenda asingepona. Hilo siwezi kukuondolea, baba."

Nilimshukuru. Ni wachache wangenijibu hivyo.

Jumapili baada ya misa nikapanda Old Moshi na sukari na mkate. Njiani nilijaribu mara kadhaa kupanga maneno ambayo yangekuwa na yowe bila siku tatu. Yalipangika vizuri mno, ndiyo maana nikayaogopa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona umekonda? Nani anakupikia?"

"Najipikia."

"Inaonekana."

Nikamweleza yote, nguchiro na askari na mapafu. Aliposikia kwamba mwanawe huenda hakuwa dhaifu, aliacha kumenya ndizi. Kisha nikamwambia zile siku tatu, bila kuzipunguza.

Aliweka ndizi chini. Kisu kilikuwa mapajani mwake.

"Yale majani ya nyungu," akasema mwishowe, "nani alikutumia?"

Nilijua. Yaliletwa na gari la asubuhi, yamefungwa kwa kamba ya mgomba, na maagizo yake kwa simu. Nilikuwa nimeapa sitalitaja jambo hilo.

"Yalitoka huku," nikasema.

"Yalitoka kwangu. Na nilikwambia usimtoe nje, upepo utamwingia."

"Mimi ndiye niliyekuwa naye, mama. Nilimsikia anavyopumua."

"Nami nilimsikia kwenye simu."

Hatukusameheana kwa maneno. Alirudi kwenye ndizi zake, nami nikachukua kisu kingine nikamsaidia, jambo ambalo mkwe wa kiume hafanyi, na hakunizuia. Ule udhaifu hajautaja tena. Siku hizi nikikohoa kwenye simu, hata kama ni pilipili, haulizi nimekunywa nini. Ananiuliza niko umbali gani na hospitali, na hakati simu mpaka nimjibu.