Mswaki wa Mshonaji

Kila asubuhi, kabla hajakaa, wakili alisimama mbele ya meza yake na kumwaga kalamu zote zilizokuwa kwenye mfuko wa koti. Siku nyingine zilikuwa tatu, siku nyingine tano, na yake ilikuwa moja tu. Nyingine alikuwa ametoka nazo mahali bila kujijua: kwa karani wa masijala, kituo cha polisi, benki, na mara moja kwenye meza ya hakimu mwenyewe. Alizifunga kwa mpira, na akifika mahakamani alizirudisha dirisha kwa dirisha.

"Mshitakiwa amefika," karani wa masijala alimwambia kila akipokea ya kwake. "Leo unakiri au unakana?"

"Nakana. Ilinifuata yenyewe."

Moja tu, ya kijani, yenye kifuniko kilichotafunwa, haikuwa na mwenyewe. Alikuwa ameiulizia kila ofisi kwa miaka miwili na bado alitembea nayo.

Mpwa wake, mtoto wa dada yake, alikuwa mwezi wa pili akijifunza kazi kwake, katika chumba kimoja juu ya duka la magodoro. Alikuwa ametoka chuoni na alama nzuri na sauti ndogo. Kule chuoni wizi ulikuwa mistari minne, naye alikuwa ameikariri: kuchukua mali ya mtu, bila ridhaa yake, kwa nia ya kumnyima moja kwa moja. Hapa wizi ulipanda ngazi na viatu vya vumbi ukaketi kwenye benchi. Ulikuwa betri ya gari, mabati sita, simu ya shemeji, mbuzi aliyekutwa amefungwa kwenye uzio usio wa kwake. Mjomba hakushika kesi nyingine. Na watu hao hakuwauliza kamwe lile swali ambalo mpwa aliliona ndilo la kwanza: kama waliiba kweli.

"Ulipitia mlango upi?" ndivyo alivyouliza. "Nani alikuona? Ulikibeba mkono upi?" Utadhani fundi anauliza gari lilianza kulia lini.

Jumatatu alikuja mshonaji, mama wa makamo mwenye sindano mbili zilizochomekwa kwenye kola ya blauzi. Alifanya kazi kwenye karakana ya sare za shule. Cherehani ya tajiri wake ilikuwa imekutwa nyumbani kwa dada yake, juu ya meza, uzi ukiwa bado umo kwenye sindano. Shtaka la wizi lingesomwa Alhamisi.

"Bosi aliniruhusu," alisema. Mpwa akaandika.

Mshonaji akapuliza chai, akanywa. "Yaani, hakukataa." Mpwa akafuta, akaandika upya.

"Kwa kweli hakuwepo. Ila angekuwepo angeniruhusu. Tumekaa pale miaka tisa, hata viatu vyangu anavijua mlio wake."

Mpwa alipoinua tena kifutio, mjomba aliweka kidole juu ya karatasi. "Mbona unafuta?"

"Amebadilisha, mjomba."

"Acha yote matatu."

Jumanne walikwenda kituoni kuangalia vielelezo. Cherehani moja, mfuko mmoja wa vitambaa. Mpwa aliomba ruhusa kwa sauti iliyomfanya polisi ainame ili amsikie, kisha akaufungua mfuko. Ndani zilikuwamo kola ishirini na sita za sare, kumi na nne zimeshonwa. Moyo wake ukaruka: hii ni kazi ya karakana, wala si ya mwizi. Chini kabisa akakuta gauni la mtoto la maua, limebanwa kwa pini, halijawekwa mikono. Moyo ukarudi mahali pake. Kisha akasoma maelezo ya tajiri: cherehani ilitoweka Ijumaa, naye akaripoti Jumatano. Kwa nini alikaa kimya siku tano? Na mshonaji naye, siku tano zote hizo, kwa nini hakuirudisha? Usiku huo alikesha akifikiri; ungemfaa zaidi mtu mwenye jibu moja. Yeye alikuwa na manne, na kila moja lilikanyaga jingine.

Alhamisi mshonaji alifika mahakamani na mfuko wa plastiki. Mpwa aliona mswaki, kipande cha sabuni na sweta.

"Nimeamua nikubali, yaishe," mshonaji alisema. "Nimechoka kutazamwa mtaani. Wanifunge, nitarudi."

"Mama, ukikiri leo, leo hii hulali nyumbani," wakili alisema.

"Ndiyo maana nimebeba mswaki."

Wakili akautazama ule mfuko, akajikuna shingo. "Basi wakikuuliza, sema kilichotokea. Hicho tu."

Karani alisoma shtaka, akauliza kama ni kweli.

"Ni kweli," mshonaji alisema kizimbani. "Nilichukua."

Kalamu ya hakimu ikashuka kwenye karatasi. Mwendesha mashtaka alianza kukunja faili lake. Mpwa aliweka kalamu chini, kana kwamba yeye ndiye aliyekiri. Mjomba alisimama taratibu, kama mtu mwenye magoti mabovu.

"Mheshimiwa, naomba aulizwe alichukua ili afanye nini."

Hakimu, mama mwenye miwani, akainua kichwa. "Mama, ulichukua ili ufanye nini?"

Mshonaji alimtazama mpwa, kama vile jibu liko kwenye karatasi zake. "Nishone kola, mheshimiwa. Shule zilikuwa zinafunguliwa Jumatatu na karakanani umeme ulikatika, kwa dada ulikuwepo. Nimalize, nirudishe."

"Na mbona hukurudisha?"

"Jumatatu hiyo nikasikia naitwa mwizi. Nikaogopa kuonekana barabarani nimebeba cherehani."

Watu kwenye mabenchi wakacheka. Hakimu hakucheka. Aliandika kwamba mshitakiwa amekana, akasema dhamana iendelee na kesi isikilizwe mwezi ujao.

Mpwa alipekua karatasi zake, mbele na nyuma. Neno umeme halikuwemo popote.

Nje, kwenye ngazi, mshonaji alimshukuru wakili kwa mikono miwili. Alishuka hatua tatu, akageuka. "Wakili, lile gauni polisi watanirudishia? Limebaki mikono tu." Kisha akaenda zake, mswaki ukichungulia mfukoni.

Mjomba alikuwa anapapasa koti. Zilitoka kalamu nne, na mbili kati yake zilikuwa za karani wa mahakama. Mpwa alikuwa hajawahi kumwuliza jambo lolote ambalo halikuwa la karatasi.

"Mjomba, unamwamini?"

"Jumatatu nilimwamini. Jumanne nusu. Leo, huo umeme, hata sijui. Mwezi ujao nitasimama naye hivyo hivyo."